Henri Pitot, Mtu Aliyepima Mwendo wa Maji

Siku utakapopata nafasi ya kuiona ndege ya abiria ikiwa imesimama uwanjani, usitazame mabawa na magurudumu peke yake. Tazama pia ubavuni mwa pua yake, au chini ya bawa ikiwa ni ndege ndogo. Hapo utaona neli ya metali iliyopindwa, yaani mrija mgumu, nayo imeelekezwa mbele, kule ndege iendako. Katika ncha yake pana tundu dogo. Mtu asiyejua aweza kudhani kuwa ni kipande cha chuma kilichosahauliwa na mafundi. Lakini rubani mwangalifu hakubali kuruka kabla ya kuhakikisha kwamba tundu lile li wazi, kwa maana usalama wa abiria wote hulitegemea.

Neli hiyo huitwa neli ya Pitot. Jina hilo hutamkwa Pito. Ni jina la mtu aliyeibuni, naye alikuwa Mfaransa aliyeitwa Henri Pitot. Huenda utastaajabu ukiambiwa kwamba Pitot hakuwahi kuona ndege hata mara moja maishani mwake. Alipobuni neli yake alikuwa akitaka kujua jinsi maji ya mto yanavyokwenda. Sasa soma habari zake, ujue jinsi kipimo cha mtoni kilivyofika angani.

Kijana na kitabu

Henri Pitot alizaliwa tarehe 3 Mei 1695 katika mji mdogo wa Aramon, kusini mwa Ufaransa, karibu na mto Rhône. Jamaa zake walikuwa watu wa ukoo bora, na kwa hiyo hakukosa nafasi ya kusoma. Walakini alipokuwa mtoto hakuyapenda masomo hata kidogo. Alipokuwa kijana aliingia jeshini, akakaa huko kwa muda mfupi.

Siku moja, akiwa katika mji wa Grenoble, aliingia katika duka la vitabu. Humo alikiona kitabu cha jiometri, yaani elimu ya mistari, pembe na maumbo. Alikinunua akaanza kukisoma. Kitabu kile kilimgeuza. Kijana aliyekimbia masomo sasa aliyatafuta mwenyewe. Alirudi nyumbani, na kwa muda wa miaka mitatu alijifunza hesabu na elimu ya nyota.

Mwaka 1718 Pitot alikwenda Paris, mji mkuu wa Ufaransa. Huko alifahamiana na Réaumur, mwanasayansi mashuhuri aliyechunguza wadudu, metali na vipimajoto. Mwaka 1723 Réaumur alimfanya Pitot kuwa msaidizi wake katika maabara. Mwaka uliofuata Pitot aliingizwa katika Akademia ya Sayansi ya Ufaransa. Hii ilikuwa jumuiya ya wataalamu waliokutana kusikiliza na kupima mawazo mapya. Miongoni mwa kazi alizopewa ilikuwa kuchunguza mwendo wa maji katika mito na mifereji.

Swali la mto

Je, maji ya mto huenda kasi zaidi wapi? Je, ni juu, katikati, au chini kabisa karibu na mchanga? Fikiri kwanza kabla ya kuendelea kusoma.

Wataalamu wengi wa siku zile walisema kwamba maji ya chini ndiyo yaendayo kasi kuliko ya juu. Nao walikuwa na sababu. Chukua kopo, ulitoboe matundu mawili ubavuni, moja juu na jingine chini, kisha ulijaze maji. Utaona kwamba maji yanayotoka katika tundu la chini huruka kwa nguvu zaidi, kwa sababu yanasukumwa na uzito wa maji mengi yaliyo juu yake. Wataalamu wale walidhani kwamba mto nao ni kama kopo. Kadiri unavyokwenda chini, ndivyo maji yanavyosukumwa zaidi, na ndivyo yanavyokwenda kasi zaidi.

Wazo hilo lilionekana kuwa la busara. Lakini nani alikuwa amelipima? Watu waliweza kupima mwendo wa maji ya juu tu. Walitupa kipande cha ubao mtoni, kisha wakahesabu muda ambao ubao ule ulichukua kusafiri kutoka mahali fulani hadi mahali pengine. Ubao huelea juu. Hauwezi kutuambia habari za maji ya chini.

Pitot hakutaka kukubali jambo kwa kuwa tu limesemwa na wengi. Alitaka chombo kitakachoweza kuteremshwa hadi chini ya mto, kikapima mwendo wa maji palepale.

Neli mbili za Pitot

Chombo alichokibuni kilikuwa rahisi sana. Alichukua ubao mrefu mwembamba, akauwekea neli mbili zilizosimama sambamba. Neli ya kwanza ilikuwa imenyooka kutoka juu hadi chini. Neli ya pili ilikuwa imepindwa mwishoni kama herufi L, ili mdomo wake uelekee kule maji yanakotoka. Kati ya neli hizo palikuwa na alama za kupimia urefu.

Sasa fikiri juu ya chombo hicho kikiwa ndani ya mto. Maji huingia katika neli zote mbili. Katika neli iliyonyooka, maji hupanda hadi kulingana na maji ya mto yaliyo nje. Lakini katika neli iliyopindwa, maji ya mto huja mbio, yakaingia mdomoni, yakakuta hayana njia ya kupita. Hapo husimama. Nguvu ya mwendo wao haipotei bure, bali husukuma maji yaliyomo nelini yapande juu. Kwa hiyo maji ya neli ya pili husimama juu zaidi kuliko yale ya neli ya kwanza. Mto ukienda pole, tofauti huwa ndogo. Mto ukienda kasi, tofauti huwa kubwa. Ukiipima tofauti hiyo, utaweza kujua mwendo wa maji.

Tazama hesabu hizi. Maji yakienda meta 1 kwa sekunde, tofauti ya maji katika neli mbili huwa kiasi cha sentimeta 5. Yakienda meta 2 kwa sekunde, tofauti huwa kiasi cha sentimeta 20. Yakienda meta 3 kwa sekunde, tofauti huwa kiasi cha sentimeta 46. Umegundua jambo gani? Mwendo ukiwa mara mbili, urefu hauwi mara mbili, bali huwa mara nne. Mwendo ukiwa mara tatu, urefu huwa mara tisa.

Katika mwaka 1732 Pitot alikichukua chombo chake mpaka mto Seine, ambao hupita katikati ya mji wa Paris. Alikitia majini kati ya nguzo za daraja, akapima. Alipima juu, akateremsha chombo, akapima tena. Kama maneno ya wataalamu yangekuwa kweli, maji ya nelini yangepanda zaidi kila alipokwenda chini. Lakini haikuwa hivyo. Mwendo wa maji ulipungua karibu na chini ya mto.

Kwa nini? Maji ya chini husuguana na mchanga na mawe, nayo msuguano huyachelewesha. Mto, basi, si kama kopo lenye matundu. Imani iliyokuwa imeshikwa na wasomi ilikanushwa na neli mbili na ubao.

Tarehe 12 Novemba 1732 Pitot alisimama mbele ya Akademia ya Sayansi, akaeleza habari za chombo chake na mambo aliyoyaona mtoni.

Kutoka mtoni hadi merikebuni

Pitot hakuishia hapo. Katika maelezo yake alisema kwamba chombo chake chaweza pia kupima mwendo wa merikebu. Simama kidogo ulifikirie wazo hilo, maana lina maana kubwa.

Mtoni, neli husimama nayo maji hupita. Baharini, maji yaweza kuwa yametulia, lakini merikebu huenda mbele na kuichukua neli pamoja nayo. Kwa neli hakuna tofauti. Katika hali zote mbili maji huupiga mdomo wake, na kwa kadiri ya mwendo hupanda. Neli haiulizi ni nani anayekwenda, maji au chombo. Hupima tu jinsi kimoja kinavyopita katika kingine. Likumbuke jambo hili, kwa sababu tutalihitaji tutakapofika angani.

Mwaka 1740 Pitot alichaguliwa kuwa mwanachama wa Royal Society, jumuiya ya wanasayansi ya London, Uingereza. Muda si mrefu baadaye aliondoka Paris, akarudi kusini kwao, katika jimbo la Languedoc. Huko alifanya kazi ya uhandisi. Alishughulikia kukausha mabwawa, kujenga kingo za kuzuia mafuriko, na kuutunza mfereji mkubwa wa jimbo lile uliopitisha mashua. Kati ya mwaka 1743 na 1747 alijenga daraja la barabara kando ya Pont du Gard, jengo maarufu la mawe ambalo Warumi walilijenga zamani sana kwa ajili ya kupitishia maji.

Kazi yake kubwa kuliko zote ilikuwa mfereji wa maji wa mji wa Montpellier. Mfereji huo ulichukua maji katika chemchemi ya Saint-Clément, ukayaleta mjini bila pampu yoyote, kwa mteremko tu. Mahali penye bonde, mfereji ulipitishwa juu ya matao ya mawe yaliyopangwa kwa safu mbili, moja juu ya nyingine. Matao hayo yangali yamesimama. Kwa njia hiyo mtu aliyechunguza mwendo wa maji aliutumia ujuzi wake kuwapa watu maji ya kunywa.

Henri Pitot alifariki dunia tarehe 27 Desemba 1771 katika mji uleule wa Aramon alimozaliwa. Alikuwa na umri wa miaka 76. Miaka 12 baadaye, mwaka 1783, watu wawili walipaa angani kwa puto mjini Paris. Wakati huo bado hapakuwa na ndege.

Neli yapanda angani

Chombo cha Pitot kilikuwa na kasoro zake. Maji ya neli yalichezacheza, na ilikuwa vigumu kusoma alama wakati chombo kimo mtoni. Katika miaka ya 1850 mhandisi mwingine Mfaransa, Henry Darcy, alikitengeneza vizuri zaidi. Alipunguza ukubwa wa matundu, akatia bilula ya kufungia maji ili mtu aweze kukitoa chombo na kusoma kwa utulivu.

Tarehe 17 Desemba 1903, huko Marekani, ndugu wawili Wilbur na Orville Wright waliruka kwa ndege yenye injini. Ndege yao ilikuwa na kipimo kidogo cha upepo chenye pangaboi. Marubani wengi wa miaka ile ya kwanza walikaa mahali pa wazi. Walikisia mwendo kwa upepo uliowapiga usoni na kwa mlio wa nyaya za mabawa. Kukisia huko kulikuwa kwa hatari. Baadaye wahandisi waliikumbuka neli ya Pitot. Kama yaweza kupima maji yapitayo, je, haiwezi kupima hewa ipitayo? Walijaribu, wakaona yafaa sana.

Sasa tutazame jinsi kipima mwendo cha ndege kinavyofanya kazi.

Hewa inayotuzunguka hutusukuma kila upande. Msukumo wake juu ya kila sehemu ya eneo huitwa kanieneo ya hewa. Ndege ikiwa imesimama, na upepo umetulia, kanieneo ndani ya neli ya Pitot ni sawa na kanieneo ya nje. Ndege ikianza kwenda mbio, hewa huingia kwa nguvu katika tundu la mbele, ikazuiliwa humo kama maji ya mto yalivyozuiliwa. Kwa hiyo kanieneo ya ndani ya neli huongezeka.

Lakini kumbuka kwamba Pitot alitumia neli mbili. Ndege nayo huhitaji kipimo cha pili. Ubavuni mwake mna matundu madogo ambayo hayapigwi na upepo wa mbele. Matundu hayo hupokea kanieneo ya kawaida ya hewa ya nje.

Mbele ya rubani kuna chombo cha mviringo chenye mshale na tarakimu, kinachofanana na uso wa saa. Ndani ya chombo hicho mna kikopo bapa cha metali nyembamba sana. Hewa ya neli ya Pitot huingia ndani ya kikopo. Hewa ya matundu ya ubavuni hukizunguka kikopo kwa nje. Ndege ikienda kasi, hewa ya ndani hushinda ile ya nje, na kikopo hutuna kidogo. Vijigurudumu vyenye meno huuchukua mwendo huo mdogo wa kikopo na kuuzungusha mshale. Hivyo rubani husoma mwendo wake. Katika ndege nyingi za kisasa, kazi ya kikopo hufanywa na vipimo vya umeme, na mwendo huonyeshwa kwenye kioo. Lakini neli bado ipo, na kanuni ni ileile ya mto Seine.

Ili uone kanieneo hiyo ni ya kiasi gani, ifananishe na maji. Karibu na usawa wa bahari, ndege ikienda kilometa 90 kwa saa, hewa ya neli yaweza kuinua maji kiasi cha sentimeta 4. Ikienda kilometa 180 kwa saa, yaweza kuyainua kiasi cha sentimeta 16. Mwendo umekuwa mara mbili, urefu mara nne, kama vile mtoni.

Kwa nini rubani hukitegemea kipimo hiki

Ndege haielei angani kama puto. Huinuliwa na hewa inayopita juu na chini ya mabawa. Hewa ikipita pole mno, mabawa hayawezi kuubeba uzito wa ndege. Rubani akijaribu kuinua pua ya ndege zaidi na zaidi huku mwendo ukipungua, mwishowe hewa huachana na mgongo wa bawa, na ndege huanza kuporomoka. Kwa upande mwingine, ndege ikienda kasi kupita kiasi, yaweza kuvunjika. Kwa hiyo kuna mwendo wa chini na mwendo wa juu, na rubani hana budi kubaki kati yake.

Je, rubani hawezi kutazama ardhi na kukisia? Hawezi, na hii ndiyo sababu. Tuseme ndege inapita katika hewa kwa mwendo wa kilometa 200 kwa saa. Upepo ukivuma kutoka mbele kwa kilometa 50 kwa saa, ndege itapita juu ya ardhi kwa kilometa 150 tu kwa saa. Upepo uleule ukivuma kutoka nyuma, ndege itapita juu ya ardhi kwa kilometa 250 kwa saa. Mtu aliye chini ataona miendo miwili tofauti kabisa. Lakini kwa bawa, mwendo ni mmoja: kilometa 200 kwa saa. Bawa halijui ardhi. Linajua hewa tu. Na neli ya Pitot hupima kile kile ambacho bawa hukihisi.

Tena kuna usiku na mawingu. Ndani ya wingu zito rubani haoni juu wala chini. Masikio yake na mwili wake vyaweza kumdanganya, akadhani anapanda kumbe anashuka. Hapo hana msaada mwingine ila vipimo vilivyo mbele yake.

Neli ikizibwa

Kipimo kizuri husema kweli kikitunzwa. Neli ya Pitot ni nyembamba, na kitu kidogo chaweza kuiziba. Bila shaka umewahi kuona nyigu wakijenga viota vya udongo katika matundu ya ukuta. Kwao, tundu la neli ni nyumba nzuri.

Tarehe 6 Februari 1996, usiku, ndege ya abiria iliruka kutoka Puerto Plata, katika Jamhuri ya Dominika. Ndege hiyo ilikuwa imekaa uwanjani siku nyingi bila kuruka, na kwa siku kadhaa neli zake hazikuvikwa vifuniko. Ndege ilipokuwa ikikimbia uwanjani, kipima mwendo cha rubani mkuu hakikufanya kazi sawasawa. Hata hivyo safari haikusimamishwa. Ndege ilipopanda juu, kanieneo ya hewa ya nje ilipungua, lakini hewa iliyofungwa ndani ya neli ilibaki vilevile. Tofauti ikakua. Mshale ukapanda, ukaonyesha kwamba ndege inakwenda kasi mno, hali ilikuwa inakwenda pole. Marubani walichanganyikiwa. Ndege iliporomoka baharini, na watu wote 189 waliokuwamo wakafa. Wachunguzi waliona kwamba yumkini neli moja iliziba kwa sababu ya nyigu. Vipimo vingine vilikuwamo ndani ya ndege, navyo vingeweza kutumiwa kukisahihisha kile kilichokosa.

Adui mwingine wa neli ni barafu. Tarehe 1 Juni 2009, ndege iliyotoka Rio de Janeiro, Brazili, ilikuwa juu ya bahari ya Atlantiki usiku, ikielekea Paris, mji uleule ambamo Pitot alipima mto. Vipande vidogo vya barafu viliziba neli zake kwa muda mfupi, karibu dakika moja tu. Vipimo vya mwendo vikapotea. Katika fadhaa ile pua ya ndege iliinuliwa, mabawa yakapoteza nguvu, na ndege ikaanguka baharini. Watu 228 walikufa.

Watu walijifunza kutokana na misiba hiyo. Ndege kubwa huwa na neli kadhaa, ili vipimo viweze kulinganishwa. Neli hupashwa moto kwa umeme ili barafu isishike. Ndege ikiegeshwa, neli huvikwa kifuniko chenye utepe mwekundu, ili mtu yeyote akione na akiondoe kabla ya safari. Nao marubani hufundishwa kwamba, mwendo ukipotea katika kipimo, waishike ndege katika mwinamo wanaoujua na nguvu ya injini wanayoijua, huku wakivilinganisha vipimo vyao.

Pitot angelielewa fundisho hilo. Hakuyaamini maneno ya wasomi mpaka alipopima. Kadhalika rubani hukiamini kipimo chake kwa sababu amekikagua, na hukilinganisha na vingine. Siku utakapoiona ndege ikipita juu ya kichwa chako, kumbuka kwamba neli iliyoanzia mto Seine inafanya kazi huko juu.

Jaribio

Fanya jaribio hili pamoja na mwalimu wako. Usiende mtoni peke yako.

1. Tafuta mrija wa plastiki upenyezao nuru, wenye urefu wa nusu meta.
2. Ufunge kwenye rula, na ncha yake ya chini uipinde iwe kama herufi L.
3. Utie katika mfereji wenye maji yanayokwenda, mdomo wake ukielekea maji yanakotoka. Maji yamepanda kiasi gani kupita yale ya nje?
4. Geuza mdomo uelekee ubavuni. Umeona nini?
5. Sasa tia mrija katika beseni kubwa la maji yaliyotulia, kisha uusogeze mbele kwa haraka. Je, maji hupanda? Eleza kwa nini.

Maswali

1. Kwa nini wataalamu wa zamani walidhani kwamba maji ya chini ya mto huenda kasi kuliko ya juu?
2. Kipande cha ubao kinachoelea hakiwezi kutuonyesha nini?
3. Neli iliyonyooka ilikuwa na kazi gani katika chombo cha Pitot? Katika ndege, ni kitu gani kinachofanya kazi hiyo?
4. Ndege inapita katika hewa kwa kilometa 300 kwa saa. Upepo unavuma kutoka mbele kwa kilometa 40 kwa saa. Mwendo wake juu ya ardhi ni kiasi gani? Bawa linahisi mwendo gani?
5. Neli ya Pitot ikizibwa kabisa, kisha ndege ikapanda juu, kwa nini mshale huonyesha mwendo mkubwa kuliko ule wa kweli?
6. Wewe ukiwa fundi wa ndege, utafanya mambo gani kuitunza neli ya Pitot? Taja matatu.